Mawe ya Samaki Dirishani Kaloleni

Katika mwaka wa 1981, ndani ya nyumba yangu ya Kaloleni, tuliishi kwa kunong'ona tangu Februari hadi Oktoba. Hakuna aliyetuamuru. Hatukuwa na mgonjwa wala mtoto mchanga. Kilichotushusha sauti ni sahani ya kauri iliyokaa kwenye ukingo wa dirisha, na ndani yake mawe madogo meupe yaliyotolewa vichwani mwa samaki wa baharini. Bahari yenyewe nilikuwa sijaiona.

Nitaeleza kwa utaratibu. Mume wangu, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, alifariki Jumapili, tarehe 17 Novemba 1974. Baada ya mazishi watu wa kwao walitarajia nibaki kule magharibi nikalime. Sikubaki. Januari 1976 nilijiandikisha katika darasa la gumbaru, yaani masomo ya watu wazima, nikakaa kwenye dawati lililopimwa kwa magoti ya watoto, na mwalimu wetu akatufundisha kuandika tarehe juu ya ukurasa kabla ya neno lolote lile. Tangu hapo, jambo lisilo na tarehe huniwia vigumu kuliamini. Mwaka huo huo, mwezi wa Agosti, nilipewa meza katika soko la upande wa Shauri Moyo. Nyumba tuliyokaa ilikuwa kwa jina la marehemu, na msalaba kaburini ulikuwa kwa jina lake. Meza iliandikwa jina langu. Kilikuwa kitu cha kwanza maishani mwangu kuandikwa hivyo, na nililisoma jina hilo kwenye kibao bila kusomewa na mtu, kisha nikalisoma tena polepole, huku wenye haraka wakinipita.

Niliuza changu, wale samaki wa miambani. Walitoka Mombasa kwa treni ndani ya masanduku ya barafu, na wafanyakazi wenzake mume wangu ndio waliokuwa wakiyashusha. Changu wakubwa walichukuliwa na mahoteli. Wadogo, wa urefu wa kiganja, walitufikia sisi akina mama, tukawakaanga, wakaliwa na watu wa reli, wafanyakazi wa baraza la jiji na mafundi wa Gikomba. Meza yangu ilisimama juu ya migongo ya hao wadogo.

Jumanne, tarehe 10 Februari 1981, msimamizi wa soko alitukusanya. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti nyembamba, na alipokuwa na habari mbaya alipenda kuzisema huku akitazama paa.

"Akina mama, sikilizeni. Huko juu wanasema samaki wa baharini wanaisha kwa sababu nyinyi mnauza watoto wao. Meza yoyote inayouza samaki mchanga itachukuliwa. Lakini bado haijaamuliwa. Kuna binti wa utafiti anakuja kutoka pwani kupima. Akisema ni watoto, basi. Akisema si watoto, mtaendelea."

"Na zikichukuliwa, sisi tutauzia wapi?" niliuliza.

"Mama Samaki, mimi si Mungu. Mimi naleta habari tu."

"Hata malaika akileta habari hufunga shati kwanza," alisema jirani yangu wa meza, na soko likacheka, kwa maana shati la msimamizi lilikuwa limeachana tumboni.

Jirani huyo tulimwita Mama Vitunguu. Meza yake ilikuwa ya mwisho upande wa mboga, yangu ya kwanza upande wa samaki, na ubao mmoja tu ulitutenganisha. Alikuwa mtu wa kutoka Mkoa wa Kati, wa rika langu, na katika maisha yake yote hakuwahi kutia samaki mdomoni. Kwao, wazee waliomlea walimhesabu samaki katika ukoo wa nyoka. Alinipenda mimi na kuichukia bidhaa yangu. Kila asubuhi alipopanga vitunguu alinisihi niwafunike.

"Huyu amekufa tangu juzi na bado ananiangalia," alikuwa akisema. "Kitu gani hiki hakifumbi macho hata kikifa? Mama Samaki, mgeuze basi aangalie wateja wako, si mimi."

Binti wa utafiti alifika kabla ya mwezi kuisha. Alikuwa mwembamba, amevaa mabuti ya mpira kama mtu aliyetarajia kukuta soko limefurika, na kwapani alibeba ubao wa kupimia wenye rula iliyopigiliwa ubavuni. Alisimama mbele yangu akapinda magoti kidogo.

"Shikamoo, mama."

Sisi wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji, hatukuizoea salamu ile. Vijana wetu walisema niaje na kupita. Nilikawia hata kukumbuka jibu lake, na nilipolipata, "marahaba," nilijisikia nimeongezewa kimo.

Alikaa nasi kitako, si kama mkaguzi. Alitueleza kwamba kazi yake haiwezi kufanywa na mtu mmoja. "Mvuvi anajua alikomvua samaki huyu na maji yalikuwaje," alisema. "Nyinyi mnajua alivyofika na waliokuja naye sandukuni. Mimi nasoma umri wake. Mmoja wetu akikosekana, habari inakatikia hapo." Wavuvi wa kule kwao, alisema, walikuwa wakilalamika kwamba maji ya juu yamekuwa ya uvuguvugu kuliko walivyozoea, na samaki waliowajua kwa majira yao wamehama au wamechelewa. Wenye mashua walikuwa wamekubali kuweka alama kwenye masanduku ili ijulikane kila sanduku limetoka mwamba upi. Alichokihitaji kwetu ni vichwa.

"Vichwa vya nini?" aliuliza Mama Vitunguu, aliyekuwa akisikiliza kwa mgongo.

"Ndani ya kichwa kuna mawe, mama. Kila mwaka jiwe linaongeza pete. Ukizihesabu pete, unajua miaka yake."

"Mnaona?" Mama Vitunguu aliwageukia wenzake wa mboga. "Nimesema kila siku hiki si chakula. Kina mawe kichwani."

Mahali pa kufanyia kazi hapakupatikana sokoni, kwa hiyo nilimpa dirisha langu. Nyumba yangu ilitazama mashariki, mwanga wa asubuhi uliingia bila kuzuiwa na kitu, na mbele palikuwa na uwanja wa majani walipochezea watoto wa nyumba zote zilizouzunguka. Binti alikuja kwa juma moja kila mwezi. Alinifundisha kukata kichwa kwa nyuma, kukifungua kama mtu anavyofungua ganda la njugu, na kuyachomoa mawe kwa kibanio bila kuyavunja. Yalikuwa meupe kama jino la mtoto, yamechongoka upande mmoja, na mepesi kuliko nilivyodhani jiwe laweza kuwa. Tuliyaosha, tukayaanika kwenye sahani.

Siku ya kwanza nilimwuliza mawe hayo yana kazi gani kichwani mwa samaki, mbali na kuhesabiwa na watu.

"Ndiyo masikio yake, mama," alijibu. "Kwa hayo anasikia. Na kwa hayo anajua juu ni wapi na chini ni wapi, hata maji yakiwa na giza."

Nilikuwa karibu kumwita mama mkwe wangu kutoka jikoni aje aone. Nilijikuta nimekwenda hadi jikoni kwa ncha za vidole, nikamgusa bega badala ya kumwita.

Mama mkwe wangu aliishi nami, na masikio yake mwenyewe yalikuwa yamezeeka. Alizungumza kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto. Alipoinama juu ya sahani akapaza, "NI MAHINDI HAYA?" mimi na binti tuliruka pamoja. Niliweka kidole mdomoni. Nilimnyamazisha mtu mzima ndani ya nyumba ya mwanawe, kwa heshima ya sahani.

Ndivyo ilivyoanza. Sikuamini kwamba mawe yanasikia. Nilikuwa nimesoma, na nilijua kwamba sikio lisilo na kichwa halisikii. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kuzungumza juu ya mambo yako ya siri mbele ya masikio yaliyojaa sahani ni kitu kingine. Tulianza kushusha sauti tukipita dirishani. Kisha tukashusha sauti mezani. Ilipofika Aprili, hata sala ya chakula niliisema kwa midomo tu.

Reli haikuwa mbali na Kaloleni. Treni ya mizigo ilipopita, sahani ilitetema na mawe yakagongana kwa mlio mdogo mkavu, kama kucha za mtu aliyekosa subira. Asubuhi moja ya Mei nilikuwa nimeyapanga kwa mistari kama binti alivyotaka, ncha zote zikielekea ndani ya chumba. Treni ikapita. Nilipogeuka kutoka jikoni, ncha zote zilikuwa zimeelekea nje, upande treni ilikokwenda. Mtikisiko ndio uliofanya hivyo, na nilijieleza hivyo kwa sentensi kamili yenye kiima na kiarifu. Kisha nikaketi.

Jambo la mama mkwe lilinisumbua zaidi. Siku ya Jumapili tarehe 24 Mei, niliporudi kutoka kanisani, nilimkuta ameketi karibu na dirisha, amelishika jiwe moja sikioni kama watu wanavyoshika simu. Uso wake ulikuwa umetulia. Nikamuuliza kwa ishara anafanya nini.

"Kuna maji," alisema.

Alilisema taratibu, kwa sauti ya chini kabisa, yeye ambaye kwa miaka yote hakuwahi kujua kuwa sauti inaweza kushushwa. Akaongeza, "Mengi. Lakini hakuna mtu ndani." Akalirudisha jiwe mahali pake, akaenda kupepeta mchele, na jioni alikuwa akipaza sauti kama kawaida. Sikumuuliza tena. Sikutaka kujua kama angeweza kunijibu.

Habari hazikai ndani ya nyumba za Kaloleni. Watoto wa uwanjani waliita kwangu nyumba ya masikio, na mpira wao ulipoangukia mlangoni walibishana nani aende kuuchukua. Akina mama wa kanisa walikuja kuniombea.

"Karibuni ndani," niliwaambia.

Kiongozi wao alichungulia dirishani. "Tutaombea hapa hapa nje, mama. Bwana anasikia hata hapa."

"Na wao pia," alisema mmoja nyuma yake, na kundi zima likasogea hatua moja.

Sasa nirudi sokoni, maana jambo lenyewe lilikuwa kule. Binti alipima na kusoma Machi, Aprili, Mei, Juni. Wakati huo wote sisi akina mama tulimtendea kama mgeni anavyotendewa. Katika nyumba tulizozaliwa, mgeni hawekewi kitu kidogo. Akikuta mmechemsha mboga, mtu hutoka kwa mlango wa nyuma kutafuta kuku. Kwa hiyo juma lake lilipokaribia, tuliwatia changu wadogo magunia tukawasukuma chini ya meza, na juu tukawapanga wakubwa tulioazimana. Tulizunguka milango ya nyuma ya mahoteli ya mjini tukiomba vichwa vya samaki wakubwa kuliko wote, tukavileta kwa beseni, tukavifunika kwa majani ya mgomba ili vipendeze. Hakuna aliyeyaita hayo uongo. Hata hofu ya kupoteza meza haikuwa sababu ya kwanza, ingawa ilikaa karibu nayo. Msichana amesafiri kutoka pwani, anapinda magoti akituamkia. Atawekewaje samaki wa kiganja?

Alikuwa akipokea kila kichwa kwa mikono miwili. Lakini kila mwezi uso wake ulizidi kunywea. Jumatano moja ya Julai, tukiwa mezani kwangu, aliweka ubao chini.

"Mama, kuna kitu kinanitia hofu," alisema. "Changu wote ninaopewa kupima hapa ni wakubwa. Sijaona mdogo hata mmoja tangu Februari. Ni kama kuingia katika mtaa ukakuta milango iko wazi, watu wazima wamekaa, na hakuna mtoto popote. Sijui wamekwenda wapi. Kama kweli hawapo, basi huko baharini kuna kizazi kizima ambacho hakikuzaliwa."

Mimi niliyejua wale wadogo walipo, miguu yangu ikiwa imeegemea gunia lao, niliyaona maneno yake kana kwamba ni kweli: uwanja wangu wa Kaloleni, majani yake, mpira umesimama peke yake, na kimya. Sisi akina mama tulitazamana.

"Watoto?" Mama Vitunguu aligeuka na kitunguu mkononi. "Unatafuta watoto baharini na wamejaa hapa chini ya gunia? Kila mwezi ukija wanafichwa. Ukienda wanarudi wananiangalia mimi."

Akainama, akavuta gunia. Changu wa kiganja walimwagika juu ya saruji, mmoja baada ya mwingine, hadi wakafika kwenye mabuti ya binti.

Nilijua ya kwamba meza yangu ilikuwa imeanguka pamoja nao.

"Mgeni angepewaje hawa?" alisema mama mmoja wa upande wa pili, kwa sauti ya kuomba. "Tungeonekana watu gani?"

Binti aliwatazama samaki, akatutazama sisi, akatazama lile beseni lililofunikwa kwa majani ya mgomba. Kisha akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika ubao wangu asianguke.

"Kumbe miezi yote hii nilikuwa nikipima heshima," alisema, akijifuta macho. "Nipeni hawa. Nipeni wa kawaida, wachafu, mnaowauza kila siku. Na msinipangie."

Tulibeba gunia lile hadi Kaloleni. Kesho yake asubuhi tulitoa mawe ya wadogo, na yalikuwa madogo pia, lakini nilipoyaweka kwenye sahani yalilia kwa mlio mzito kuliko nilivyotazamia. Binti alifungua hadubini yake, ile ya kioo kinachonasa mwanga wa jua, akaweka jiwe ndani ya tone la glisarini, akainama. Nilikuwa nikingoja neno litakalonivua meza. Alihesabu kimya, midomo ikicheza. Akaacha. Akaanza tena. Akabadilisha jiwe, akahesabu, akabadilisha tena. Kicheko cha jana kilikuwa kimemtoka kabisa.

"Mama," alisema bila kuinua kichwa, "njoo uhesabu wewe. Sitakuambia nilichokipata."

Niliweka jicho. Kwanza niliona giza, kisha likafunguka, na ndani yake palikuwa na duara ndani ya duara, nyeupe na nyeusi, nyeupe na nyeusi, kama kisima unachokitazama kutoka juu. Nilihesabu kama nilivyofundishwa, kwa kidole juu ya goti. Pete za katikati zilikuwa pana. Kisha zikapungua. Zile za nje zilikuwa zimebanana, nyembamba mno, kila moja imejikunja juu ya mwenzake, kama pumzi za mtu aliyejificha ambaye hataki asikike akipumua.

Idadi niliyoipata ilikuwa kubwa kuliko ya samaki wowote wa hoteli tuliowasoma tangu Machi.

"Nimekosea," nilisema.

"Hujakosea. Nami nimepata hivyo hivyo." Alikaa kwenye kiti. "Hawa si watoto, mama. Hawa ni wazee. Wamekaa ndani ya miili ya watoto miaka yote hii."

Tulisoma hadi jua likahama dirishani. Si wote waliokuwa wazee. Wengine walikuwa wachanga kweli. Lakini wazee walikuwa wengi kiasi cha kututisha, na kwa macho huwezi kuwatenga. Nilimtwaa mmoja, nikamweka kiganjani. Samaki niliyemkaanga maelfu ya mara, niliyemwita mdogo mbele ya wateja, "chukua hawa wadogo, ni watamu," alinitazama kwa jicho lake lisilofumba. Mchana huo sikupika. Mama mkwe aliuliza kwa sauti yake kuu kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, nami sikuwa na hakika.

Sokoni habari ilipokelewa kwa vigelegele. Si watoto! Msimamizi alikuwa amesema watoto, na hawa si watoto; meza zimepona. Akina mama walinikumbatia. Mama Vitunguu alinipongeza kwa kunipa kitunguu kikubwa kuliko vyote alivyokuwa navyo. Kijana mmoja mbeba mizigo aliwasogelea changu wangu akawainamia, "Niaje, wazee," na soko likavunjika mbavu. Nilicheka nao. Binti hakucheka. Aliomba tukutane sote, na msimamizi pia, katika ukumbi wa Kaloleni.

Tulikutana Jumamosi, tarehe 12 Septemba 1981, saa za mchana, kwa sababu hadubini ilihitaji jua. Aliiweka karibu na dirisha la ukumbi, watu wakapanga foleni. Kila mtu aliinama kwa kelele na kuinuka bila maneno. Mama Vitunguu, aliyekuja kwa ajili yangu tu, aliinama akaruka nyuma.

"Ni jicho!" alisema. "Jicho ndani ya jicho. Na mnakula!"

Kisha binti akaeleza, na hakuficha alichokuwa hajui. Alisema hawezi kuapa ni kipi kilichowazuia kukua: pengine joto la maji, pengine chakula kupungua, pengine nyavu ambazo kwa miaka mingi zimewachagua wakubwa na kuwaacha wafupi wazaane. Wavuvi walidhani ni maji. Yeye alidhani ni vyote. Lakini jambo moja alilijua. Alimpasua changu wa kiganja mbele yetu, akamfungua tumbo kwa kidole gumba. Lilikuwa limejaa mayai, ya rangi ya chungwa, yamejipanga toka mwanzo hadi mwisho, hata hapakubaki nafasi ya kitu kingine.

"Mlikuwa mkishtakiwa kwamba mnauza watoto," alisema. "Hamuuzi watoto. Mnauza mama zao. Hawa ndio waliobaki wa kuzaa. Kuanzia Novemba hadi Februari wanakusanyika kwenye mwamba mmoja kutaga, na wavuvi wanaujua. Wamekubali kuuacha mwamba ule miezi hiyo, kama nyinyi mtakubali kutonunua. Peke yao hawawezi, maana soko likiita, mwingine atakwenda. Peke yenu nanyi hamwezi. Sina amri ya kuwapa. Mkiniuliza kama hawa ni watoto, nitajibu kweli: si watoto. Mnaweza kuendelea."

Mama mmoja alisimama. "Si ndiyo basi? Serikali imesema watoto. Hawa si watoto. Tumeshinda, twendeni nyumbani."

Niligeuka kwa msimamizi. "Tukiacha kuuza miezi hiyo, meza zetu zitatungoja?"

Alitazama paa. "Kanuni unaijua, Mama Samaki. Meza ikikaa mwezi mmoja tupu inapewa mwingine. Wanaongojea ni wengi."

"Hata kwa sababu kama hii?"

"Kanuni haina mahali pa sababu."

Wenye kuuza samaki wa ziwa hawakuwa na la kupoteza. Wengine walikuwa na waume wenye mishahara. Sisi tuliosimama kwa wale wa kiganja tulikuwa wachache, bila mtaji wa kujaza meza kwa kitu kingine, na ukumbi ulijua ni akina nani. Watu walinitazama mimi, kwa kuwa dirisha lilikuwa langu. Nilitaka kukasirika na sikumpata wa kumkasirikia. Nilichokiona ni zile pete za nje, jinsi zilivyobanana. Nilikuwa nimeishi hivyo karibu miaka miwili baada ya kufiwa, nikichukua nafasi ndogo, nikila kidogo, nisionekane, nipitwe. Halafu nilipata meza, nikapanuka. Sikuweza kuendelea kupanuka juu ya kiumbe aliyejikunja namna ile.

Niliinua mkono. Nilisikia viti vikilia nyuma yangu, na nilipotazama, mikono ilikuwa imeinuka, si yote, lakini ilitosha kwa binti kuwapelekea wavuvi neno.

"Umerogwa na mawe yako," Mama Vitunguu aliniambia mlangoni. Machozi yalimlenga. "Sasa nitagombana na nani asubuhi?"

Nilifanya kazi hadi mwisho wa Oktoba, nikawaambia wateja wangu, mmoja mmoja, kwamba sitakuwapo. Wengine walielewa. Wengine waliuliza ni nani mwingine anayeuza wadogo, na nikajua wangempata, maana mikono iliyobaki chini kule ukumbini ilikuwa na wenyewe. Binti alichukua sahani na mawe yote akarudi nayo pwani. Asubuhi iliyofuata mama mkwe alizungumza nami kutoka chumbani kwa sauti yake ya ng'ambo ya mto, nami nikamjibu vivyo hivyo, na sauti yangu ikanishangaza kwa ukubwa wake.

Msimamizi hakungoja mwezi upite. Jumamosi, tarehe 31 Oktoba, nilipokuwa bado nakusanya kikaango na beseni, alinifuata na mwanamke kijana aliyebeba bunda la shuka na mapazia ya kuuza. Akafuta jina langu kibaoni kwa kitambaa chenye maji. Mwanamke yule aliweka shuka moja juu ya meza, akainusa, akakunja uso.

"Mama, harufu hii hutoka?"

Nilimwambia asugue kwa majivu na ndimu, aache ikauke juani, kisha arudie. Nikashika ndoo, nikamsaidia kuanza.